Baada ya Kuugua kwa Muda Mrefu

Kuna aina moja ya maandishi ambayo karibu kila Mkenya ameisoma na ambayo hakuna mhakiki anayeijali. Ni yuloji ya mazishi: kurasa nne au nane zinazong'aa, picha ya marehemu akitabasamu kwenye jalada, na ndani yake maisha ya mtu katika mpangilio ambao sote tumeshauzoea. Kuzaliwa. Shule. Kazi. Ndoa na watoto. Kuokoka, kama aliokoka. Kisha, karibu na mwisho, kabla ya majina ya wajukuu na vitukuu, aya moja fupi kuhusu ugonjwa.

Aya yenyewe huwa hivi: Marehemu alianza kulalamika kuhusu maumivu ya mgongo. Alipelekwa hospitali ya kaunti, akahamishiwa hospitali ya rufaa, akafanyiwa upasuaji, kisha akapelekwa India. Alirejeshwa nyumbani akiwa na nafuu. Hali yake ikabadilika ghafla, akalazwa tena. Aliyavumilia maumivu kwa ujasiri hadi Bwana alipomwita.

Sasa tuisome kama tunavyosoma hadithi. Angalia vitenzi. Katika kurasa zote zilizotangulia, marehemu ni mtendaji: alisoma, alifunza, alijenga, aliongoza kwaya, alilima kahawa. Akifika kwenye ugonjwa, ghafla anakuwa mtendwa. Alipelekwa, akahamishiwa, akafanyiwa, akalazwa. Kitenzi kimoja tu kinabaki mikononi mwake, nacho ni kuvumilia. Na haongei. Mtu ambaye ukurasa wa pili ulituambia alikuwa mcheshi, mpenda siasa na mwenye maneno mengi, miezi yake kumi na minane ya mwisho inapita bila neno lake hata moja. Kwani alinyamaza? Au hatukumwandika?

Swali lingine la mhakiki: aya hii inamwambia nani? Haimwambii marehemu, na watoto wake hawaihitaji kwa sababu walikuwepo. Inaambiwa wakwe, majirani, watu wa chama, na yule mjomba aliyetuma elfu tano kwenye harambee ya bili na sasa ameketi hemani akijiuliza pesa zilikwenda wapi. Orodha ya hospitali ni risiti. Kila jina la hospitali linasema: tulijaribu, hatukumwacha, tulifika hadi ng'ambo. Ndiyo maana ni nadra sana kuona neno hospisi katika aya hiyo, hata pale familia ilipohudumiwa na hospisi kwa miezi. Neno hilo lingesomwa kama kukiri kwamba walikata tamaa.

Hoja yangu ni kwamba huku ni kusoma vibaya, na kwamba fasihi, ile nzuri, imekuwa ikituonyesha hivyo kwa muda mrefu. Kazi ya hospisi si kumaliza stori ya mgonjwa. Inachofanya, ikifanikiwa, ni kumrudishia nafasi ya kutenda na kusema katika stori hiyo.

*

Leo Tolstoy alichapisha Kifo cha Ivan Ilyich mwaka wa 1886, na kitabu hicho kifupi kinaanza na tangazo la kifo gazetini. Wafanyakazi wenzake wanalisoma wakiwa kazini, na kabla hata ya kusikitika, kila mmoja anapiga hesabu: cheo chake kitamwendea nani, na mimi nitasogea wapi? Kisha wanakumbuka ile kero ya kwenda kutoa pole kwa mjane. Mtu yeyote aliyewahi kuona kikundi cha WhatsApp kikitoka kwenye "poleni sana" hadi "matanga ni wapi, na parking iko?" kwa dakika tatu atajua Tolstoy hakuwa akiandika kuhusu Warusi peke yao.

Baada ya hapo kitabu kinarudi nyuma na kufanya kile ambacho yuloji haifanyi. Kinakaa ndani ya ile aya ya ugonjwa. Ivan Ilyich ni jaji, ana miaka 45 anapokufa. Alijigonga ubavuni akipanga mapazia ya nyumba mpya. Maumivu yakaanza kidogo, yakakua. Madaktari wanabishana kuhusu kiungo gani kina kasoro. Yeye anataka kujua jambo moja tu, kama anakufa au hafi, na hilo hakuna anayemjibu. Mkewe anamlaumu kwamba hamezi dawa inavyotakiwa. Bintiye anahofia ugonjwa wa baba utamharibia raha zake. Kinachomtesa zaidi, Tolstoy anasema waziwazi, ni uongo: ile hali ya nyumba nzima kujifanya kwamba yeye ni mgonjwa tu na akitulia atapona.

Wasomaji wa hapa wanaujua uongo huo kwa jina lingine. Sisi tunauita kumlinda. "Usimwambie ni saratani, atakufa kabla ya siku zake." Basi daktari anaitwa pembeni, mwana wa kwanza anabeba siri, mama anaambiwa ni vidonda vya tumbo, na mama, ambaye si mjinga, anajifanya ameamini ili naye awalinde watoto. Nyumba nzima inaigiza. Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo inamlaumu mgonjwa. Haisemi lolote kuhusu jamaa wanaomfichia mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Katika nyumba ya Ivan Ilyich ni mtu mmoja tu asiyeigiza: Gerasim, kijana wa shamba anayetumika pale. Anamsafisha bosi wake bila kukunja uso. Anakaa usiku akiwa ameibeba miguu yake mabegani kwa sababu mgonjwa anahisi afueni ikiwa juu. Na anasema kweli: sote tutakufa, basi kuna ubaya gani nikijisumbua kidogo kwa ajili yako?

Wahakiki na madaktari wengi wanampenda Gerasim, na nafasi yake katika kitabu ni ya haki. Ila mimi naona tumempenda upesi mno. Gerasim ameajiriwa. Hana mtu wa kumpokea zamu. Tolstoy hatuambii analala saa ngapi wala mgongo wake unamuuma vipi asubuhi. Tukimleta Nairobi tunamjua: ni dada wa kazi ambaye mkataba wake ulikuwa kupika na kufua, sasa anambadilisha mzee nepi, au ni mpwa aliyemaliza kidato cha nne, akaitwa kutoka ushago "akae na shosho kidogo", na hicho kidogo kikawa miaka miwili. Siku ya mazishi, yuloji itashukuru madaktari, wauguzi, kanisa na wote waliochangia kwa hali na mali. Yeye atakuwa jikoni akihesabu sahani.

Hapa ndipo hospisi inapoipita riwaya. Hospisi inachukua kile alichokifanya Gerasim kwa moyo mwema na kukifanya kazi yenye mafunzo, yenye watu zaidi ya mmoja na namba ya kupigia. Hospisi nyingi za Kenya hazina vitanda vya kulaza wagonjwa. Mgonjwa huja kliniki au siku ya mapumziko ya pamoja, na muuguzi humfuata nyumbani. Akifika huko hamwangalii mgonjwa peke yake. Anamfundisha yule mpwa namna ya kumgeuza mtu mzito bila kujiumiza, namna ya kusafisha kinywa kilichokauka, namna ya kukihudumia kidonda chenye harufu ili wajukuu wasiogope kuingia chumbani. Anamuuliza na yeye: wewe, unalala? Kwa mtu ambaye hajaulizwa swali hilo tangu aitwe mjini, hiyo nayo ni dawa.

*

Aliyeipa hospisi ya kisasa sura yake alikuwa msikilizaji kabla ya kuwa mjenzi. Cicely Saunders, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1918, alisomea uuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima kwa sababu aliona watu wanakufa wakiwa na maumivu ambayo yangeweza kutulizwa. Mwaka wa 1948 David Tasma, mkimbizi Myahudi kutoka Warsaw aliyekuwa akifa London akiwa mpweke, alimwachia pauni 500 na wazo kwamba angependa kuwa dirisha katika nyumba atakayoijenga. Nyumba hiyo, St Christopher's, ilifunguliwa kusini mwa London mwaka wa 1967. Saunders mwenyewe alifia humo mwaka wa 2005.

Alifanya mambo mawili ambayo yanatuhusu sisi wasomaji. La kwanza linahusu saa. Desturi ya wakati huo ilikuwa kusubiri mgonjwa alie ndipo apewe dawa, kana kwamba lazima kwanza alipe. Yeye alisisitiza mofini itolewe kwa kufuata saa, kabla maumivu hayajarudi, ili mgonjwa asiishi akiyangoja. La pili linahusu maneno. Aliwauliza wagonjwa kuhusu maumivu yao, akawaacha waongee, akawarekodi. Waliongea kuhusu mgongo, halafu kuhusu mume anayehangaika, kazi iliyopotea, kodi, hasira kwa Mungu. Kutokana na masimulizi hayo akajenga wazo ambalo tunaweza kuliita maumivu kamili: ya mwili, ya akili, ya maisha na watu, na ya roho, yote yakiwa yamefungana pamoja. Ukitibu moja ukayaacha mengine, mtu bado anaumia.

Rudi sasa kwa Ivan Ilyich. Tukisoma haraka tunasahau kwamba alipewa kasumba na alidungwa mofini. Dawa ilikuwepo. Ila ilitolewa ndani ya nyumba yenye uongo, kwa mtu asiye na wa kuongea naye isipokuwa Gerasim, na katika siku tatu za mwisho akapiga kelele mfululizo. Hii ndiyo maana ya maumivu kamili katika lugha ya riwaya, takriban miaka themanini kabla Saunders hajalipa wazo hilo jina.

Elaine Scarry, katika The Body in Pain (1985), alijenga hoja ambayo wanaosoma fasihi huirudia mara kwa mara: maumivu makali yanaibomoa lugha yenyewe, mwenye nayo akabaki na kilio tu. Kiswahili kina njia yake ya kusema sehemu ya jambo hilo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu ya mwenzako hayasomeki. Lakini tukikubali hoja ya Scarry, lazima tuifuate hadi mwisho wake: kama maumivu huchukua maneno, basi anayetuliza maumivu anayarudisha. Mzee anayepata dawa yake kwa saa anaweza kuuliza matokeo ya mpira. Anaweza kusema shamba ligawanywe vipi, na hapo akawaepusha watoto wake na miaka ishirini ya kesi. Anaweza kukataa kula. Anaweza kuomba radhi, au kukataa kuomba. Vitenzi vyake vinarudi kwenye hali ya kutenda.

Na dawa yenyewe si ya ajabu. Mofini ya maji ni unga unaochanganywa na maji, kihifadhi na rangi. Rangi inaonyesha nguvu yake. Daktari Anne Merriman alifanya kazi Nairobi Hospice ilipoanza mwaka wa 1990, kisha akaenda Kampala na kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka wa 1993, akiwa na imani kwamba dawa hiyo inaweza kuwa rahisi kiasi cha kumfikia mtu wa kijijini. Mwaka wa 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalum kuiandika, kwa sababu vijiji vyenye daktari ni vichache. Hapa kwetu, mwaka wa 2010, Human Rights Watch ilitoa ripoti nzima kuhusu watoto wa Kenya wanaoteseka kwa maumivu yanayoweza kutulizwa. Basi tukisoma "alivumilia kwa ujasiri" inabidi tuulize swali ambalo si la kifasihi tu. Alichagua kuvumilia, ama hakukuwa na chupa?

Swali hilo ndilo linalonifanya nisiipende ile sentensi. Inachukua upungufu wa dawa, woga wa wahudumu na uzito wa bili, inavigeuza vyote kuwa sifa ya marehemu. Ujasiri wake unalipa deni la watu wengine.

*

Maandishi ya Kikenya yanayokaa karibu zaidi na jambo hili, kwa maoni yangu, hayataji hospisi kabisa. Januari 2014 Binyavanga Wainaina alichapisha I Am a Homosexual, Mum, akiiita sura iliyopotea ya kitabu chake cha kumbukumbu, One Day I Will Write About This Place (2011). Wengi waliisoma kama habari: mwandishi maarufu ametangaza kwamba yeye ni shoga. Magazeti yaliishughulikia hivyo. Lakini ukiirudia leo utaona umbo lake ni la mtoto kando ya kitanda cha mama anayekufa.

Mama yake Binyavanga alifariki mwaka wa 2000, mwana akiwa Afrika Kusini. Hakuwahi kufika. Ndani ya maandishi haya anaandika toleo ambalo anatuonya mapema kwamba si la kweli: amefika kwa wakati, yuko chumbani, katika wodi ya wagonjwa mahututi, ameweka kichwa karibu na mama, na anamwambia. Kisha anatupa toleo la kweli, lenye simu na umbali.

Tazama kile ambacho hakukifanya. Alikuwa na kalamu, na mwenye kalamu anaweza kumponya yeyote. Angeweza kuandika mama ameinuka, amerudi nyumbani, anapika. Hakuandika hivyo. Hata katika ndoto yake mama anakufa. Kitu pekee alichojipa ni mchana mmoja wa kuwepo na sentensi moja ya kusema. Sijui maandishi mengine ya kwetu yanayoeleza vizuri zaidi kile ambacho familia inakitaka pale kupona kunaposhindikana, na ni kitu kidogo cha kushangaza. Wanataka wasikike na yule anayeondoka, na yeye asikike nao.

Wodi ya wagonjwa mahututi haikujengwa kwa ajili ya hilo. Kazi yake ni nyingine, na ni kazi njema: kuokoa. Ina mipira mdomoni, saa za kutembelea, mlango unaofungwa. Tukimpeleka huko mtu ambaye haokoleki, kwa sababu tunaogopa wakwe watasema nini, tunanunua kwa bei kubwa sana mahali ambapo hakuna anayeweza kuongea. Halafu tunarudi nyumbani tukiwa na sentensi zetu vifuani, na wachache mno kati yetu wana kipaji cha Binyavanga cha kuziandika baadaye.

*

Kuna hatari upande huu pia, na mhakiki asiifiche. Hospisi nayo ina fasihi yake mbaya. Umeziona zile picha: mikono miwili imeshikana, jua linazama, mgonjwa amekonda lakini anatabasamu. Katika simulizi hizo kila mtu hufa kwa amani, baada ya kupatana na kila mtu. Huo ni uongo mwingine wa kumlinda mtu, safari hii akilindwa msomaji. Kuna maumivu yanayogoma. Kuna baba anayefikishiwa kila kitu, dawa na muuguzi na padri, na bado anakataa kuongea na mwanawe. Tolstoy mwenyewe aliharakisha: katika kurasa zake za mwisho mtoto anaubusu mkono wa babake, hofu inayeyuka, mwanga unatokea. Ni kurasa nzuri sana, na nina shaka nazo. Hospisi haiahidi mwanga. Inaahidi kwamba hutaachwa ukipiga kelele kwa siku tatu mlango ukiwa umefungwa.

Vilevile si kweli kwamba ni chumba cha mwisho. Tiba shufaa, kama baadhi ya wahudumu wanavyoiita, inaweza kuanza siku ile ile ugonjwa mkubwa unapotajwa na kwenda sambamba na matibabu mengine. Wala mofini, ikitolewa kwa kipimo sahihi kwa mwenye maumivu, si sumu ya kumharakisha mtu. Watu wanafika wakiwa wamechelewa kwa sababu ya stori tulizosimuliana: ukiona mofini ujue imeisha. Stori mbaya zina wagonjwa wake.

Na neno tulilokosa tunalo tayari. Mtu akiugua, siku hizi tunamwandikia kwa Kiingereza tukimtakia apone haraka. Ni sala nzuri, ila kwa mwenye saratani iliyoenea inageuka kuwa kazi ya ziada: sasa lazima apone, na haraka, asituangushe. Kiswahili hakikuanzia hapo. Kilimwambia mgonjwa ugua pole. Hakimwamuru apone. Kinakubali kwamba anaugua, kinamwombea augue kwa upole, taratibu, bila kuteswa. Tumelisema neno hilo mara nyingi hadi tumeacha kulisikia, lakini ndani yake mna karibu kila kitu ambacho hospisi inajaribu kufanya.

Wengi wenu mnaosoma hapa ndio mnaoandika yuloji. Katika kila familia kuna yule anayejua kuandika, na usiku wa tatu wa matanga anapewa laptop na kuambiwa ipelekwe kwa mchapishaji kesho saa nne. Mna madaraka makubwa kuliko mnavyodhani. Mkifika kwenye ile aya, mwandikieni marehemu kitenzi kimoja cha kutenda. Alichokikataa. Alichokiuliza. Nani alimgeuza usiku, kwa jina lake. Na kama kulikuwa na muuguzi wa hospisi aliyekuja kila Jumanne na chupa, muandikeni pia, katika mstari uleule wa hospitali kubwa, ili mtu fulani kwenye viti vya nyuma, mwenye mama anayelia usiku, ajue kuna mahali pa kupiga simu.